Treni ya kula raha haijawahi kufika Sirari

Asubuhi ya Sirari ni baridi, mpenzi msomaji. Usidanganyike ukadhani mpakani lazima kuwe na joto. Watu wa Dar wanaoshuka hapa na fulana moja mgongoni huishia kununua sweta la mtumba kabla hata hawajaagiza chai. Ukitazama huku ni milima, ukitazama kule ni migomba na mahindi, na mbele yako ni geti la kuingilia Kenya.

Basi mwezi uliopita wakavuka kutoka Isebania Wazungu wawili, mume na mke wa makamo, na mabegi yao mgongoni. Wakaja moja kwa moja hadi kijiweni kwetu, jirani na vijana wanaobadilisha fedha. Yule mama akauliza kwa Kiswahili cha kitabuni:

"Samahani, kituo cha treni kiko wapi?"

Kijiwe kizima tukaangua kicheko. Bodaboda mmoja akamjibu, "Mama, treni ndiyo mimi. Panda twende!"

Nilicheka mpaka machozi. Lakini jioni nilipofika nyumbani nikakuta habari ya treni imenitangulia, na pale hakuna aliyekuwa anacheka. Dalali alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu babu, anaitaka ile shamba yetu ya kilimani.

"Reli inakuja," alisema. "Tanga, Arusha mpaka Musoma. Watalii watajaa huku, milima hii itakuwa kama Ulaya. Lakini kabla ya hapo ardhi itachukuliwa, na fidia mtaisubiri mpaka mzeeke. Mimi nawasaidia tu. Uzeni sasa."

Ukiichunguza hotuba hiyo utaona ina vichwa viwili. Kama watalii watajaa, kwa nini sisi tuuze na yeye anunue? Halafu, Musoma na Sirari si pua na mdomo. Ila baba mdogo alikuwa ameshalainika, na sababu ilikuwepo. Mdogo wangu wa kike amepata nafasi chuo cha uuguzi na ada haipo. Mimi mwenyewe masomo yalinikatikia sekondari kwa ugonjwa huohuo wa ada, kwa hiyo sikuwa na ubavu wa kusema "shamba haliuzwi" halafu nikakunja mikono.

Mama ndiye aliyeamua. "Wewe si ndiye unayeandika magazetini? Nenda kaangalie hiyo reli ya watalii iliwafanyia nini watu wa milima mingine. Ukirudi tutaongea."

Dalali akatupa hadi mwisho wa mwezi. Mura nikafunga begi.

RAHA YA MLIMANI ILIANZA HIVI

Kabla sijakupandisha basi, twende kwanza majuu kidogo, kwani mchezo huu ulianzia huko.

Treni ya kwanza ya kupandisha watalii mlimani kwa reli ya meno ilifunguliwa Marekani mwaka 1869, kwenye mlima Washington. Miaka miwili baadaye, 1871, Uswisi nao wakafungua ya kwao kwenye mlima Rigi, kazi ya fundi aliyeitwa Niklaus Riggenbach. Siri yake ni nyepesi. Katikati ya reli mbili za kawaida wanaweka ya tatu yenye meno, na chini ya injini kuna gurudumu la meno linalong'ata pale kama mnyororo wa baiskeli unavyong'atana na gia. Treni inapanda bila kuteleza, na ikishuka haikimbii ovyo.

Kabla ya hapo tajiri aliyetaka kuona jua likichomoza juu ya Rigi alipanda kwa miguu, kwa farasi, au alibebwa kwenye kiti mabegani mwa wanaume wa kijijini. Sasa jiulize, siku treni ilipopiga honi mara ya kwanza, wale wabebaji walipiga makofi au walishika tama? Nilipowaza hilo nikamkumbuka yule bodaboda wetu aliyesema treni ndiyo yeye.

Waingereza wa India nao hawakukubali kuchomwa na jua la bondeni. Mwaka 1881 reli nyembamba, upana wa milimita 610 tu, ikafika Darjeeling. Hiyo haina meno. Inazungukazunguka kama nyoka, na pakiwa pakali mno inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda mbele tena, kila mara ikiwa juu zaidi. Ikafuata Shimla mwaka 1903, na Ooty mwaka 1908. Mabwana wakubwa walipanda huko kukimbia joto na homa, wakajenga klabu, makanisa na bustani za waridi.

Kumbuka jambo moja, litatufaa mbele ya safari: waliopumzika kule juu siyo waliochonga njia.

KISUMU NA MZUNGU ALIYEKAA MBELE YA INJINI

Turudi nyumbani. Sirari tulikuwa katikati ya reli mbili, na zote zikatukosa.

Ya kwanza ni ya Mwingereza. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na Desemba 1901 ikagusa ziwa mahali walipopaita Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 walikufa kwa magonjwa na ajali. Wengine waliliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Njia ilipanda hadi zaidi ya mita 2,500 kule Mau, ndipo ikashuka ziwani.

Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya raha. Ilijengwa ili Mwingereza aishike Uganda. Lakini ilikuwa imemeza mamilioni ya pauni, na mabehewa matupu hayalipi deni. Ndipo wakaanza kuwatafuta walowezi na watalii. Shirika la reli likatoa mabango ya rangi yaliyowaambia matajiri wa Ulaya kwamba nyanda za juu za Afrika Mashariki ndipo mahali pa kukimbilia baridi ya kwao. Kwenye picha, wanyama wamejaa kando ya treni utadhani wao ndio abiria.

Na wakubwa walikuja. Winston Churchill alikuja mwaka 1907, na mwaka 1909 akaja Theodore Roosevelt, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye urais wa Marekani. Wote wawili waliwekewa benchi mbele kabisa ya injini, wakae waangalie twiga. Hebu vuta picha, kigogo mzima amekaa kwenye bampa! Kabla ya kurudi kwao, Roosevelt na mwanawe walikuwa wameua wanyama 512.

Babu yangu aliipanda reli hiyohiyo miaka ya 1950 alipokwenda kutafuta kibarua Kenya. Alitembea, akadandia lori hadi Kisumu, akakata tiketi ya daraja la tatu. Alikuwa akituambia kwamba benchi la mbao lilimfundisha kulala ameketi. Usiku treni iliposimama alishuka kunyoosha miguu, akapita kando ya behewa la chakula. Akaona vitambaa vyeupe mezani, taa za manjano, na mtu mweusi mmoja tu mle ndani, amebeba sinia.

"Tulikuwa treni moja," alikuwa akisema, "lakini hatukuwa safari moja."

Tena kuna kituko. Upande wetu huu alitawala Mjerumani, lakini Mjerumani wa ziwani hakuwa na reli. Mizigo ya Mwanza na Bukoba ikawa inavuka kwa meli hadi Kisumu, inapanda reli ya Mwingereza, inaishia Mombasa. Mpinzani wake ndiye aliyevuna nauli! Mwanza ilikuja kupata reli yake mwaka 1928, na wakati huo Mjerumani alikuwa ameshafungasha virago zamani.

MJERUMANI NA USAMBARA

Reli ya pili ndiyo iliyonitoa nyumbani. Nilipanda basi linalokata Serengeti hadi Arusha, nikaunganisha jingine hadi Mombo, mkoa wa Tanga. Nilifika nikiwa na vumbi la mbuga mpaka kwenye kope.

Reli hiyo ilianza Tanga mwaka 1893. Ilijikongoja ajabu. Kampuni iliyoijenga ilifika Muheza mwaka 1896 ikiwa haina kitu mfukoni, na mwaka 1899 serikali ya Mjerumani ikaichukua. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Jumla ni kilomita 352, na zilichukua miaka 18. Kuna watu huanza ujenzi wa nyumba namna hiyo, tunawajua.

Mombo ilikuwa mlango wa raha. Juu yake, zaidi ya kilomita 30 za kona, ipo Lushoto. Mjerumani aliipa jina la mfalme wake, akaiita Wilhelmsthal, yaani bonde la Wilhelm. Pana ubaridi mtamu, kwa hiyo wakubwa waliochoshwa na joto na malaria ya pwani walipanda kwenda kupumua. Vugiri, juu ya Korogwe, nako kulijengwa nyumba ya kupumzikia wagonjwa.

Ila treni yenyewe haikupanda Lushoto. Iliishia chini. Kutoka Mombo mheshimiwa alipanda kwa mnyama, kwa mkokoteni au kwa migongo ya watu.

Kilichopewa njia ya fahari ni magogo. Mbele kidogo, Mkumbara, Wajerumani walitundika nyaya kama kilomita 9 kutoka msitu wa Shume hadi relini, ili miti ya mwangati ishuke ikining'inia angani. Mti ulisafiri kwa starehe kuliko Msambaa aliyeukata.

Na huyo Msambaa hakuulizwa kama anataka kazi. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmsthal ilianzisha utaratibu wa kadi. Kila mwanamume alitakiwa kumfanyia kazi Mzungu siku 30 ndani ya kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa na wenye nguvu. Ardhi nzuri kubwa ilishageuka mashamba ya walowezi.

NILICHOKIONA LUSHOTO

Nilimfuata mshikaji wangu niliyesoma naye sekondari, sasa ni fundi pikipiki huko juu. Barabara inapanda pembeni ya korongo mpaka masikio yanaziba. Pale Mombo akina mama wanakurushia peasi na plamsi dirishani kabla gari halijasimama vizuri.

Lushoto yenyewe ni bomba. Watalii wapo, wanatembezwa na vijana wenyeji hadi Irente kuangalia nyika kwa chini. Lakini nilichokwenda kukitafuta hakikuwa hotelini. Kilikuwa kwenye matuta. Kabichi, karoti, hoho na viazi vimepandwa hadi mahali ambapo mbuzi angesita. Jioni magunia yanapakiwa, alfajiri yako Dar.

Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa anafunga gunia, "Shikamoo mzee. Hivi utalii umewasaidia?"

"Marahaba mwanangu. Umesaidia wenye hoteli, na hao vijana wanaotembeza. Mimi nimesaidiwa na hili," akapiga gunia kofi. "Wazee wangu wasingebaki na haka kakipande, leo ningekuwa namfulia mtalii mashuka."

Akacheka. Mimi nikaandika.

Siku ya tatu niliteremka hadi Muheza, nikapanda tena upande wa Amani. Mjerumani alianzisha taasisi ya utafiti wa mimea huko mwaka 1902. Kupandisha watu na kushusha mbao alijenga kireli chembamba cha sentimita 75 kutoka Tengeni hadi Sigi, kama kilomita 23, kikipanda msituni kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mtindo wa Darjeeling. Ukitaka kumwona binamu wa treni za milimani katika ardhi ya Tanzania, ndiye huyo.

Au niseme ndiye alikuwa huyo. Reli iling'olewa zamani. Nyumba ya mkuu wa kituo ipo mpaka leo, mahali wanapopokelewa wageni wa hifadhi ya Amani. Nilisimama pale nikasikiliza. Maji ya mto na ndege, basi. Kumbe reli inaweza kuja, ikabeba ilichokifuata, ikaondoka. Aliyeuza shamba kwa ajili ya honi ya treni atabaki na kumbukumbu ya honi.

TRENI YA KRISMASI

Usidhani naichukia reli. Wakati wa kurudi nilishuka tena Mombo kusubiri basi, nikaenda kukaa kituoni. Siku hiyo treni haikuwepo. Nikaongea na mama mmoja muuza maandazi.

Njia hiyo iliunganishwa na reli ya kati miaka ya 1960, kwa hiyo mtu wa Dar aliweza kwenda Moshi bila kushuka. Baadaye huduma ya abiria ikafa kwa zaidi ya miaka 20. Desemba 2019 treni ikarudi, Dar hadi Moshi, na Oktoba 2020 ikafika hadi Arusha. Iliporudi, akaniambia yule mama, ilijaa hadi mlangoni. Nani walioijaza? Wachaga, baba yangu! Watoto, mabegi ya nguo mpya, wote wanakwenda mlimani kula Krismasi kwa bibi.

Hapo nikapata jibu. Miaka zaidi ya 100 baada ya wakubwa wa pwani kushuka Mombo kwenda kupunga upepo, treni ya kwenda kupumzika mlimani bado ipo kichwani mwa watu, ila anayepumzika ni mwenye mlima. Anakwenda kulala kwenye shamba la babu yake. Shamba lingeuzwa, tiketi ingekuwa ya kwenda wapi?

BARAZA LA NYUMBANI

Nilirudi Sirari zikiwa zimebaki siku tano. Tukakaa uani, mama, baba mdogo, shangazi, mdogo wangu na mimi. Nikasimulia yote kama nilivyokusimulia wewe.

Baba mdogo akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, hatuuzi. Tutegeshe."

Kama wewe si wa Tarime, neno hilo nikufungulie. Nyamongo, kwenye dhahabu, watu walikuwa wakipandisha vibanda na miti haraka haraka mahali wanapotarajia ardhi itatwaliwa, ili fidia inone. Ndiko kutegesha. Baba mdogo alishaanza kuhesabu mabati.

"Shemeji," mama akamkatiza, "utategeshea reli ambayo hata wenye reli hawajasema itapita hapa? Mabati yataota kutu, wewe utaota mvi."

Shangazi akacheka, lakini mdogo wangu hakucheka. Aliinamisha kichwa, akauliza polepole, "Na chuo?"

Hapo ndipo historia yote niliyoibeba kutoka Usambara ikawa nyepesi kama karatasi ya maandazi. Roosevelt hawezi kumlipia ada mdogo wangu. Kabichi za Lushoto haziwezi kumlipia. Ukisema ardhi isiuzwe lazima useme pia nani atalipa, la sivyo unatanua kwa mdomo tu, kama dalali.

Sisi Wakurya utajiri wetu una pembe. Zizini kuna ng'ombe waliokuwa wakitunzwa kwa jambo maalumu, na jambo hilo ni mahari yangu. Kila mtu pale uani alikuwa anajua, na kila mtu alikuwa anaangalia pembeni.

Nikasema, "Uzeni wawili."

Baba mdogo akashtuka. "Mura, una akili? Umri wako huu?"

"Uzeni wawili, alipe mwaka wa kwanza. Nusu ya shamba tukodishe kwa msimu, nusu tupande kabichi na karoti. Baridi ya Lushoto na ya huku si mbali. Kisumu wanakula, Mwanza wanakula."

Mama hakusema kitu. Alinyanyuka, akaenda kuniletea uji wa wimbi, akaujaza kikombe hadi juu. Kwetu hiyo inatosha kuwa hotuba.

Dalali alikuja mwisho wa mwezi kama alivyoahidi. Akajibiwa na shangazi, na maneno ya shangazi mhariri hawezi kuyachapa. Mdogo wangu ameripoti chuoni. Mwaka wa pili hatujui utalipwaje. Kabichi ndiyo kwanza ziko kitaluni, na mbuzi wa jirani ameshazionja.

Reli ikija, karibu sana. Siku ikipiga honi tutakuwepo kilimani, na mgeni akitaka kuona jua likichomoza juu ya migomba tutamuuzia chai, kwa bei yetu. Ila akiniomba kubebwa mgongoni, nitamwelekeza kwa bodaboda wetu.

Na wewe dada uliyekuwa unanisubiri, habari ndiyo hiyo. Ng'ombe wamepungua. Treni yangu imechelewa, lakini haijafutwa.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.